Mguu Mmoja Ukivimba

Katika nyumba za Marangu, Kibosho na Machame, na hata mjini Moshi ambako Hospitali ya Mawenzi haiko mbali na mlango wa mtu, mguu mmoja ukivimba pasi na jeraha wala kuteguka, mashauri hukusanyika kabla ya mgonjwa kufika kwa tabibu. Mmoja atasema ni baridi ya mlimani iliyoingia mifupani. Wa pili atanong'ona kwamba mgonjwa amekanyaga kitu kilichotegwa njiani na mwenye husuda. Wa tatu ataleta mafuta ya kuchua na beseni la maji ya moto. Na wa nne, ambaye alipata kufanya kazi Tanga au Bagamoyo, atahofia matende. Aghalabu hapatokei katika baraza hilo mtu wa kuuliza swali lililo jepesi kuliko yote na lenye manufaa kuliko yote: huyu mgonjwa, katika mwezi huu au miwili iliyopita, alikuwa akiugua nini?

Swali hilo lina uzito kwa sababu damu iliyoganda ndani ya mshipa, ambayo ni moja katika sababu kubwa za mguu mmoja kuvimba kwa siku chache, mara nyingi haiji peke yake. Huja nyuma ya maradhi mengine: homa ya mapafu, kifua kikuu, upasuaji, mfupa uliovunjika, uzazi ulioingiwa na vijidudu, saratani. Maradhi hayo hayafanani kwa asili wala kwa tiba, walakini yote yanashiriki jambo moja, nalo ni mchochota, yaani ile hali ya mwili kuwaka unapopigana na adui au unapotengeneza palipoharibika, ambayo Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliipa alama nne zinazofundishwa hadi leo: wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Mchochota ni rehema, maana pasipo huo kidonda hakifungi na vijidudu havishindwi. Lakini ulinzi huo huo ukiwaka mno au ukidumu kupita kiasi huibadili tabia ya damu, ikawa tayari kuganda mahali ambapo hapana jeraha la kuzibwa.

Mtu asiyesadiki kwamba mambo haya mawili yana udugu na autazame mkono wa mgonjwa aliyelazwa siku tatu nne akitiwa dripu. Pale sindano ilipoingia, juu ya kiganja au kwenye kunjo la kiwiko, mshipa uliokuwa laini huanza kuuma. Ngozi iliyo juu yake hupata joto. Na baada ya siku chache mtu akipitisha kidole husikia kwamba mshipa umekakamaa, umekuwa mgumu, tena unabingirika chini ya kidole. Sindano imeuudhi ukuta wa mshipa, mchochota umewaka, na damu iliyokuwamo imeganda. Mshipa huo ulio juu juu kwa kawaida hutulia wenyewe baada ya majuma machache. Mambo huwa mengine kabisa yakitokea hayo katika vena za ndani, zile zirudishazo damu moyoni zikipita katikati ya nyama za shavu la mguu na paja, kwa maana bonge la damu linaloumbwa humo laweza kukatika, likapanda na mkondo wa damu hadi upande wa kulia wa moyo, na moyo usiojua ukalisukuma mapafuni. Bonge dogo huleta kichomi na pumzi fupi. Kubwa huleta mauti kabla ya gari kuwasili.

Wachagga ni mabingwa wa mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na mababu ili kuyatoa maji katika makorongo ya mlimani na kuyapeleka kwenye migomba na kahawa, na kila mzee aliyepata kushika jembe siku ya kuusafisha mfongo anajua kwamba huziba kwa sababu tatu: maji yakipungua mwendo, kingo zikibomoka, au maji yenyewe yakija mazito kwa udongo. Vena za mwili nazo huziba kwa sababu zinazokaribiana na hizo: damu ikikaa pasi na mwendo, ukuta wa mshipa ukidhurika, au damu yenyewe ikigeuka tabia. Sababu hizo tatu zimefungamanishwa na jina la Rudolf Virchow, tabibu wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1821, ijapokuwa yeye hakuziandika katika mpango huo na waliomfuata ndio waliompangia. Jambo alilolifanya kwa mkono wake, na linalotosha kumpa heshima, ni kuthibitisha, katika maandishi aliyoyakusanya mwaka 1856, kwamba mabonge yanayokutwa katika mapafu ya maiti aghalabu hayakuzaliwa humo, bali yalisafiri kutoka katika vena za mbali.

Palikuwa na ubishi mkubwa zamani hizo, nao unastahili kusimuliwa kwa kuwa haujaisha. Kabla ya Virchow, Jean Cruveilhier wa Paris alikuwa akifundisha kwamba asili ya yote ni mchochota: ukuta wa vena huwaka kwanza, damu huganda baadaye, tena aliipenda rai yake kiasi cha kuamini kwamba mchochota wa vena unayatawala maradhi karibu yote. Virchow akampinga, akasema kwamba damu huganda kwanza na mchochota wa ukuta hufuata. Virchow alishinda, na kwa zaidi ya miaka mia moja wanafunzi wa utabibu walisomeshwa habari ya kuganda kwa damu katika somo moja na habari ya mchochota katika somo jingine, kana kwamba mambo hayo hayakupata kukutana. Katika miaka ya karibuni mizani imerudi kidogo upande wa Mfaransa, si kwa kuwa alisema kweli yote, bali kwa kuwa imedhihirika kwamba kila mmoja wa mabwana hao alishika ncha moja ya jambo lenye ncha mbili: mchochota hugandisha damu, na damu iliyoganda huchochea mchochota.

Namna inavyotendeka ni hii. Vijidudu vinapoingia mapafuni, mathalani, chembe nyeupe za damu hutoa kemikali za kupiga mbiu, mojawapo ikiitwa interleukini 6, nazo hupeleka habari mwili mzima. Ini, likipata habari hiyo, huzidisha utengenezaji wa fibrinojeni, protini ambayo ndiyo malighafi ya nyuzi za bonge la damu. Baadhi ya chembe nyeupe huvaa juu ya ngozi zake protini nyingine iwashayo mlolongo wa kuganda, ambayo siku za afya hufichwa nje ya mishipa isigusane na damu. Utando laini uliotandikwa ndani ya mishipa, ambao kwa desturi huizuia damu isigande, huvua vazi lake la kuzuia na kuvaa la kunasa. Na chembe sahani, vipande vidogo mno vinavyoelea katika damu vikingoja jeraha, huanza kunata. Kila badiliko katika haya ni dogo. Yakikutana yote katika mtu aliyelala kitandani juma zima, asiyekunywa maji ya kutosha, na ambaye damu ya miguu yake haisukumwi na misuli kwa sababu hatembei, ajabu si kwamba damu huganda. Ajabu ni kwamba haigandi kwa kila mtu.

Mwaka 2004, katika mji wa Berlin ule ule alikofanya kazi Virchow, Volker Brinkmann na Arturo Zychlinsky na wenzao walionyesha jambo ambalo halikuwa limefikiriwa: neutrofili, ambazo ndizo nyingi kuliko chembe nyeupe zote, zikielemewa na vijidudu hupasuka na kuyatupa nje matumbo yake, yaani nyuzi zile zile za DNA zinazobeba urithi wa mtu, zikawa nyavu za kunasia adui. Baadaye kidogo, mwaka 2010, nyavu hizo zikakutwa ndani ya mabonge ya damu ya nyani waliofanyiwa majaribio, zimenasa chembe sahani na chembe nyekundu pamoja na protini za kugandisha. Na mwaka 2013 Bernd Engelmann na Steffen Massberg wa Munich wakaandika kwamba kuganda kwa damu katika mishipa midogo ni silaha halali ya kinga ya mwili, ya kuwafungia wavamizi wasienee, na kwamba ugonjwa huanza pale silaha hiyo inapofyatuka pasipo mpaka. Mimi naiona rai hii kuwa nzuri kwa sababu inaondoa lawama katika damu. Damu haikukosea, ilitii amri.

Basi kwa nini jambo hili halikusemwa sana katika nchi zetu? Sehemu ya jibu inapatikana Kampala. Mwaka 1960, J. N. P. Davies, aliyekuwa bingwa wa kuchunguza maiti huko Mulago, pamoja na wenzake wa St. Louis nchini Marekani, walichapisha matokeo ya kulinganisha maiti zilizopasuliwa katika miji hiyo miwili, wakaonyesha kwamba mabonge ya damu katika vena na mapafu, kadhalika na maradhi ya mishipa ya moyo, yalikuwa machache sana Uganda kuliko Marekani. Kazi ile ilikuwa ya uaminifu, na mojawapo ya sababu zinazoweza kuieleza imejulikana tangu hapo: badiliko la kurithi liitwalo Factor V Leiden, ambalo huwaelekeza watu wengi wa asili ya Ulaya kwenye kuganda kwa damu, ni nadra mno kwa Waafrika. Lakini tokeo la utafiti likipita midomo mingi hugeuka kanuni, na kanuni iliyozaliwa ilikuwa kwamba Mwafrika haugui ugonjwa huu. Tabibu anayeamini hivyo haupimi mguu, asiyeupima haoni, na asiyeona huandika katika kitabu cha wodi kwamba mgonjwa alikufa kwa homa ya mapafu. Fauka ya hayo, maradhi yanayowasha mchochota wa muda mrefu hayakupungua baada ya 1960. UKIMWI ulikuja, nao peke yake huzidisha hatari ya damu kuganda. Bodaboda zilikuja, na kwa ajili yake wodi za mifupa zikajaa vijana waliovunjika mapaja. Upasuaji wa kuzalisha uliongezeka. Kisha ukaja ule mwaka 2020, ambapo madaktari wa kila bara walistaajabu kuona wagonjwa wa korona wakiganda damu miguuni na mapafuni hata walipokuwa wakipewa dawa ya kinga.

Mkoa wa Kilimanjaro una mahali ambapo habari hii yaweza kusomeshwa vizuri kuliko pengine pengi, napo ni Kibong'oto, katika wilaya ya Siha, kwenye mabega ya magharibi ya mlima, ambako tangu mwaka 1926 pana hospitali ya kifua kikuu. Siku za mwanzo hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu vyake, na tumaini lilikuwa katika hewa ya baridi, chakula na kupumzika. Kifua kikuu ni mfano kamili wa mchochota usiozimika: mwili hupigana kwa miezi, homa za jioni na jasho la usiku haziishi, nyama za mwili huyeyuka, na katika damu protini za kugandisha hupanda huku zile za kuzuia zikishuka. Watafiti wa Cape Town walilieleza jambo hilo kwa vipimo katika miaka ya 1990, wakaonyesha pia kwamba mvurugiko huo hutengenea kadiri matibabu yanavyoendelea. Maana yake kwa mgonjwa na watu wake ni kwamba hatari haiondoki siku dawa zinapoanza kumezwa. Majuma ya kwanza, ambapo jamaa wamekwisha kumshukuru Mungu kwa kuwa kikohozi kimepungua, ndiyo yanayotaka macho. Na mgonjwa wa kifua kikuu anayepatwa ghafla na pumzi fupi asiambiwe kwa haraka kwamba ndiyo hali ya kifua chake.

Nije kwa mama mzazi, kwa kuwa hapa desturi ya Kichagga na maarifa ya hospitali yanakutana kwa namna isiyotarajiwa. Kwa jadi, mwanamke aliyejifungua hukaa ndani yapata miezi mitatu, akilishwa mtori, kitawa na nyama yenye mafuta, akiondolewa kazi za shamba na kuni, hata siku ya kutoka atoke amenawiri. Sayansi nayo inasema kwamba hatari ya damu kuganda kwa mama hupanda sana katika majuma 6 ya kwanza baada ya kujifungua, kisha hushuka taratibu hata kukaribia hali ya kawaida ifikapo majuma 12, yaani muda ule ule wa miezi mitatu. Sababu zake zinafahamika: mimba huiongezea damu uwezo wa kuganda ili mama asimwagike damu akijifungua, tumbo la uzazi huzikandamiza vena za nyonga, hasa ya kushoto, na ndiyo sababu mguu wa kushoto wa mja mzito huathirika zaidi kuliko wa kulia, na palipotokea upasuaji, au vijidudu vikaingia katika kizazi, mchochota huongezeka juu ya hayo. Sitaki mtu adhani kwamba naikosoa desturi. Kumlisha mama na kumpumzisha ni hekima ambayo wanawake wengi wa mijini wanaililia. Neno langu kwa mama mkwe na mashangazi wanaomlea ni moja tu, kwamba kupumzika si kulala kitandani kutwa kucha: mama atembee chumbani na uani mapema kadiri mkunga atakavyoruhusu, anywe maji pamoja na huo mtori, na akisema kwamba mguu mmoja unamwuma na umejaa, asiambiwe kwamba ni uchovu wa uzazi.

Mlima wenyewe una sehemu yake. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, cha Mawenzi mita 5,149, na kule juu mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani. Mwili unaokosa oksijeni huzidisha chembe nyekundu. Mpandaji hupoteza maji kwa kuhema hewa kavu na kwa dawa za kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ambazo humfanya akojoe sana. Usiku hujikunja hemani kwa baridi. Damu huwa nzito. Tena watafiti wa India, ambayo askari wake wengi hukaa katika milima mirefu ya Himalaya na wamejulikana kwa kupatwa na mabonge ya damu kuliko wenzao wa nyanda za chini, walionyesha mwaka 2017 kwamba ukosefu wa oksijeni wenyewe huiamsha mitambo ya mchochota ndani ya chembe kabla damu haijaganda. Kwa watalii na wapagazi wengi safari ya siku sita saba hupita salama. Lakini waongozaji, ambao wamezoea kuiona pumzi fupi na kuijua kuwa ni maji kujaa mapafuni kwa ajili ya mwinuko, ni vema wakumbuke kwamba ugonjwa huo kwa kawaida hupata nafuu mtu akishushwa. Aliyekwisha kufika Moshi na pumzi yake haijarudi, hususan kama shavu la mguu linamwuma, anastahili kupimwa kwa jicho jingine.

Abiria wa mabasi nao wasisahauliwe, maana kila Desemba nusu ya Dar es Salaam, kama si zaidi, huwa inapanda barabara ya Korogwe na Same kwenda kula sikukuu uchaggani, safari ya kilomita zipatazo 560. Kukaa kitako zaidi ya saa 4, katika basi au ndege, hukadiriwa kuongeza hatari yapata mara mbili. Na kwa mtu mzima wa siha njema, mara mbili ya kitu kidogo ni kitu kidogo. Asiwe na hofu. Atakayeteremka na kutembea pale basi linaposimama ni yule aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mja mzito, au mwenye maradhi ya kuwaka niliyoyataja.

Alama za ugonjwa hazijifichi sana kwa anayezitafuta. Mguu ni mmoja, si miwili. Miwili ikivimba pamoja fikira huelekea moyo, figo au ini. Wekundu wa Celsus hauonekani vema katika ngozi nyeusi, basi aliye mweusi asiungoje. Aguse kwa mgongo wa mkono, shavu hili kisha lile, na tofauti ya joto itajisema. Katika chumba cha daktari utaona futi ya mshonaji ikitumiwa: hupima sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho mbele chini ya goti, akaizungusha futi, akafanya hivyo mguu wa pili, na tofauti ikizidi sentimita 3 huandikwa. Kipimo cha kukata shauri ni ultrasaundi, nacho ni chepesi kukifahamu. Mpimaji hupaka jeli kinenani, akaweka kifaa chake juu ya vena kubwa ya paja, akakandamiza. Vena nzima, ikiwa haina kitu ndani, hubonyea kabisa, kuta zake mbili zikagusana na duara jeusi likatoweka katika kioo. Ateri iliyo kando yake husalia wazi ikipiga. Vena yenye bonge haibonyei. Hurudia hivyo kushuka pajani hadi nyuma ya goti, na mgonjwa akiangalia kioo aweza kujionea mwenyewe palipokataa.

Kabla ya kipimo hicho kufanywa, mguu usichuliwe. Najua kwamba nasema neno zito katika nchi ambayo kuchuana ni ihsani, na ambayo bibi mwenye mikono ya kuchua huitwa kutoka kijiji cha tatu. Lakini mkono wenye nguvu ukipita juu ya vena iliyojaa bonge bichi waweza kulikata bonge hilo na kulipeleka lisikotakiwa, na hakuna mafuta, yawe ya nazi au ya kondoo, yatakayolirudisha.

Tiba yenyewe ina umri. Heparini, sindano inayotumiwa siku za kwanza, ilianza kufahamika mwaka 1916 kwa kazi ya Jay McLean huko Baltimore. Warfarini, kidonge cha miezi inayofuata, kina historia ya kuchekesha kidogo: kilitokana na utafiti wa ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini waliokuwa wakivuja damu hadi kufa kwa kula majani yaliyooza, kikauzwa kwanza kuwa sumu ya panya mwaka 1948, kisha katika miaka ya 1950 kikakubaliwa kwa binadamu. Hufanya kazi kwa kuipinga vitamini K, na vitamini hiyo imejaa katika mnafu, mchicha, sukumawiki na majani ya maboga, mboga ambazo mlimani hazikosekani chunguni. Mgonjwa asiache kula mboga, kama wengi wanavyoelezana. Ale kwa kiasi kinacholingana juma hata juma, ili kipimo chake cha damu, ambacho daktari hupenda kisimame kati ya 2 na 3, kisiyumbe. Mbege kwa wingi nayo hukiyumbisha.

Kwa mgonjwa wa kifua kikuu mambo huwa na fundo jingine. Rifampisini, dawa iliyo nguzo ya matibabu yake, hulichochea ini lizivunje dawa nyingine upesi, warfarini ikiwa miongoni mwake, hata kipimo cha kawaida kisifae kitu na tabibu akalazimika kukiongeza sana. Miezi sita ikitimia, mgonjwa akapongezwa na rifampisini ikakoma, ini hurudi katika mwendo wake wa zamani taratibu, na kile kidonge kilichokuwa kinatosha kikawa kingi mno. Mtu akaanza kutokwa damu puani au katika fizi akiwa amekwisha kuitwa mzima. Majuma hayo yanataka kuhudhuria kliniki kuliko yaliyotangulia. Vidonge vipya vya jamii ya rivaroksabani, ambavyo havidai kupimwa damu kila mara, navyo huvunjwa na rifampisini, basi havikuleta njia ya mkato katika mkasa huu.

Dawa hizi zote, kongwe na changa, zina dosari moja ya asili: huzuia kuganda kote, hata kule kunakotakiwa, na anayezitumia huweza kuvuja damu. Ndiyo maana wataalamu wameanza kuuliza kama yawezekana kuiacha damu igande pale palipo na jeraha, na badala yake kuutuliza mchochota unaoiamrisha igande pasipo jeraha. Jaribio lililowapa moyo lilichapishwa mwaka 2009. Watu 17,802, wasiokuwa na ugonjwa wa moyo wala mafuta mengi ya kuzidi katika damu, lakini wenye alama ya mchochota iliyopanda, waligawanywa makundi mawili; nusu wakapewa rosuvastatini, kidonge cha kupunguza mafuta ambacho hushusha mchochota pia, na nusu wakapewa kidonge kisicho na kitu. Katika kundi la pili watu 60 waliganda damu katika vena. Katika kundi la kwanza, 34, pasipo kutokwa damu kuzidi wenzao. Matabibu hawajaanza kuigawa dawa hiyo kwa kila mguu, kwa kuwa waliookolewa ni wachache kati ya maelfu, na kwa kuwa bado inajadiliwa kama kilichowakinga ni kupungua kwa mafuta au kupoa kwa mchochota. Mjadala ambao Cruveilhier na Virchow, lau wangekuwa hai, wangeuketia usiku kucha.